Redio ya kompyuta isikuzuzue kwa namba

Ukiulizia redio ya masafa mafupi siku hizi, unaweza kuoneshwa kitu kidogo mfano wa flashi, hakina spika wala kitufe cha kutafutia stesheni. Ndiyo SDR. Huku unakichomeka kwenye kompyuta, huku unakiunga na waya wa antena, kazi nyingine inafanywa na programu. Stesheni zinajitokeza kwenye skrini kwa pamoja, kila moja mstari wa rangi unaoteremka taratibu. Ukibofya mmoja, sauti inatoka.

Boksi litajigamba kwamba mashine inafika megahezi 2,000. Za nini? Masafa mafupi yako kati ya megahezi 3 na 30. Uliza biti, yaani umakini wa mashine katika kupima wimbi.

RTL-SDR, ya bei rahisi kuliko zote, ilizaliwa kama kingamuzi cha televisheni za kidijitali. Mwaka 2012 ndipo ilipojulikana kuwa chipu yake, RTL2832U, inaweza kuimwagia kompyuta mawimbi mabichi. Ina biti 8 tu, na hapo ndipo penye shida. Kwenye masafa mafupi stesheni hafifu hupakana na jitu la kilowati mamia. Jitu likinguruma, biti 8 zinajaa pomoni: ukipunguza nguvu, yule mnyonge anazama, ukiacha, vivuli vya jitu vinatapakaa skrini nzima, na unaweza kudhani umepata stesheni mpya. Tena nyingi za aina hii huanzia megahezi 24. Kama mfuko hauruhusu nyingine, chukua toleo la V4 la RTL-SDR Blog, lenye kibadilisha masafa ndani yake.

SDRplay RSP1B ina biti 14 na inaonesha hadi megahezi 10 kwa mpigo. Mimi, kwa kusikiliza tu, ningechukua Airspy HF+ Discovery. Inaonesha kilohezi 660 tu, lakini bendi ya mita 31, yaani 9,400 hadi 9,900, inaenea yote, na haitishiki upesi na majirani wenye nguvu.

Kabla ya kutoa hela, azima redio ya mtu. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina SDR ya wazi kwenye intaneti, iliyoanza 2008. Jioni ya kwetu jaribu kilohezi 11,735, masafa ambayo mtambo wa Dole, Zanzibar, umeyatumia kwa miaka. Mtambo ukiwa hewani, huenda ukasikia taarabu iliyotoka Unguja ikaenda Ulaya ikakurudia. Antena inayoinasa huko ni Mini-Whip, kidude kidogo tu, ila kimewekwa juu ya paa.

Nyumbani kwako adui ni chaja, taa za LED na televisheni ya jirani. Chomoa chaja ya laptopu, iache itumie betri, kisha zima swichi kuu ya umeme huku ukitazama skrini. Mistari ya ovyo ikifutika, redio ya bei kubwa haitakusaidia kitu. Hela hiyo nunulia antena ya duara na kebo ndefu ya kuifikisha mbali na ukuta.