KIATU CHA MBIO: TUULIZWE MASWALI YETU

Mimi si fundi wa viatu wala si mtaalamu wa kompyuta. Mimi ni mkimbiaji wa mita 3000 wa shule hii yetu ya kutwa, na vidole viwili vya mguu wangu wa kulia havina kucha. Hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Mambo yalianza hivi. Oktoba iliyopita bonasi ya majani chai ilipotoka, baba aliniita akaniambia, "Mwaka huu nitakununulia raba za kukimbia. Chagua vizuri, kwa sababu hakuna zingine mpaka bonasi nyingine." Usiku huo niliomba simu ya mama nikaingia mtandaoni, nikapata chombo cha kuchagulia viatu, yaani ukurasa unaokuuliza maswali kisha unakutajia kiatu kinachokufaa. Furaha niliyokuwa nayo haikuwa na kifani. Swali la kwanza: je, unakimbia kwenye lami au kwenye mashine ya ndani ya nyumba? Nilicheka peke yangu. Mimi hukimbia barabara ya changarawe kutoka nyumbani hadi shuleni, kilomita tano, nikikata kwa vijia vya mashamba ya chai, na mvua ya alasiri ikishanyesha, kama mjuavyo huku Kericho, njia yote inakuwa uji. Hapakuwa na jibu la uji. Nikabonyeza lami.

Swali la bei liliulizwa kwa dola. Kiatu nilichotajiwa hakikuuzwa popote karibu, si Litein wala Sotik, basi nikatafuta kinachofanana nacho kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Nikaagiza namba 6, ile ninayovaa ya shule. Kilipofika kilikuwa namba 6 kweli, lakini 6 ya wanawake ya Marekani! Muuzaji akakataa kukirudisha. Kwa kuwa baba alikuwa ameshalipa, nilikaza kamba nikakimbia nacho hivyo hivyo muhula wa kwanza, na katika mashindano ya kaunti ndogo nikamaliza wa tisa nikichechemea. Baba hakunigombeza. Aliangalia tu vile vidole, akaenda zake kuchuma majani chai. Afadhali angenigombeza.

Hebu tuielewe hiyo namba kwanza, kwa maana wengi wetu tunadhani 6 ni 6. Viatu vyetu vya shule huwa na namba za Uingereza. Kutoka namba moja hadi inayofuata ni thuluthi moja ya inchi, yaani karibu milimita 8.5. Wamarekani nao hupanda kwa hatua hiyo hiyo, ila wanaanza kuhesabu mahali pengine, na kwa viatu vya wanawake tofauti huwa karibu namba mbili. Kwa hiyo 6 yao ni kama 4 yetu. Zidisha mara mbili utapata milimita 17, karibu upana wa kidole gumba. Hizo ndizo zilizokula kucha zangu. Ulaya bara wana hesabu yao tena, ambapo hatua moja ni thuluthi mbili za sentimita, ndiyo maana unaona 39 na 40 kwenye ulimi wa kiatu. Ubaya wa kiatu aujuaye ni kidole.

Kwa hivyo chombo bora kisianze na namba hata kidogo. Kianze na mguu wenyewe kwa milimita. Weka karatasi sakafuni, simama kisigino kikigusa ukuta, mwenzako aweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi (kwa wengine si kidole gumba, ni kile cha pili), kisha upime kwa rula. Pima miguu yote miwili, maana mara nyingi haiko sawa, na pima jioni kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Ongeza nafasi ya kama sentimita moja mbele. Viatu vingi vya mbio huandikwa sentimita ndani ya ulimi, karibu na hizo namba zingine. Hata kwenye rundo la mitumba unaweza kuinua ulimi ukasoma. Sikulijua hilo mwaka jana.

Jambo la pili ni yale maswali. Vyombo vingi hupenda kuuliza umbo la wayo wako: ulowanishe mguu, ukanyage karatasi, uone kama wayo ni bapa au umejikunja. Inaonekana kama sayansi. Lakini jeshi la Marekani lilijaribu jambo hilo kwa askari wapya mazoezini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2009 na 2010 yalionyesha kwamba kuwagawia viatu kulingana na umbo la wayo hakukupunguza majeraha kwa kiasi cha maana. Mwaka wa 2015 Profesa Benno Nigg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walipendekeza kwamba mkimbiaji achague kile ambacho mguu wake unakihisi ni cha starehe. Sasa, starehe utaihisije kupitia simu? Haiwezekani. Kwa hivyo chombo cha haki kingekuambia, "Mimi nimekupunguzia orodha hadi viatu vitatu, sasa nenda ukavivae." Lakini vingi hutaja kimoja kwa sauti ya daktari.

Badala ya wayo, ningependa tuulizwe: Umezoea kukimbia na viatu au miguu mitupu? Wengi katika shule hii tulianza mbio pekupeku tukiwa shule ya msingi. Mwaka wa 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha na wenzake utafiti uliowahusu pia wakimbiaji wa Bonde la Ufa letu, wakaona kwamba waliozoea kukimbia miguu mitupu mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu kabla ya kisigino. Mtu kama huyo ukimpa ghafla kiatu chenye kisigino kirefu unambadilishia mwendo. Kuna kipimo cha jambo hilo, nacho ni tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole. Viatu vya Enda, kampuni iliyoanzishwa na Navalayo Osembo na Weldon Kennedy, ambao mwaka wa 2016 walichangisha fedha za kuanza kutengeneza viatu vya mbio hapa Kenya, vilianza na kiatu kilichoitwa Iten chenye tofauti ya milimita 4 tu. Viatu vingine vya mazoezi hufika milimita 10 au zaidi. Chombo kikitaja kipimo hiki kisiishie kwenye tarakimu. Kiseme kina maana gani kwa mguu.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo penye kilio. Chombo kikipanga viatu kwa kasi peke yake, juu kabisa kitaweka kiatu kama Adidas Adizero Adios Pro Evo 1, ambacho Tigst Assefa wa Ethiopia alikivaa Berlin mwaka wa 2023 akaandika rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake ya wakati huo, saa 2:11:53. Kina gramu 138, karibu nusu ya pakiti ya majani chai ya robo kilo! Lakini kilitoka kwa bei ya dola 500, na watengenezaji wenyewe walisema ni cha marathoni moja pamoja na mazoezi kidogo ya kukizoea. Mimi huenda shule na kurudi kilomita 10 kwa siku, 50 kwa wiki. Kwa kawaida husemwa kwamba kiatu cha mbio hudumu kati ya kilomita 500 na 800. Kwangu 500 ni wiki kumi, muhula haujaisha.

Kwa hivyo nataka chombo kinachogawanya bei kwa kilomita. Tuseme kiatu kimoja ni shilingi 3000 na kinadumu kilomita 300: hiyo ni shilingi 10 kwa kilomita. Kingine ni 6000 lakini kinadumu 800: hicho ni shilingi 7 na senti 50. Mzazi yeyote anayepima majani chai kwa kilo anaielewa hesabu hiyo mara moja. Na kama chombo hakijui kiatu kinadumu vipi kwenye changarawe, kikiri.

Halafu mjue ni nani anayekulipia chombo. Kile cha kampuni ya viatu kitakuchagulia viatu vya kampuni hiyo tu. Tovuti nyingi zinazolinganisha viatu vya kampuni mbalimbali hupata kamisheni ukibonyeza na kununua. Si dhambi, lakini iandikwe wazi. Na isisahau sheria: tangu tarehe 1 Novemba 2024, Shirikisho la Riadha la Dunia haliruhusu soli inayozidi milimita 20 kwenye mbio za uwanjani, ilhali za barabarani hufika 40. Atakayenunua soli nene akitumaini kumfuata dada yetu Beatrice Chebet wa Londiani, aliyekimbia mita 10,000 kwa 28:54.14 mwaka wa 2024, atazuiliwa kwenye mstari.

Tena chombo kiwe chepesi. Picha zinazozunguka zilimaliza bando la mama kabla sijafika swali la tano. Maswali manne ya maandishi matupu yanaweza kuingia hata kwenye kabambe, kama tunavyobonyeza kuangalia salio.

Mwalimu wa kompyuta aliposikia malalamiko yangu alisema, "Basi kianzishe." Tumeanza na jedwali tu kwenye maabara: urefu wa ndani wa kiatu kwa milimita, upana penye vidole, uzito (tunaazima mizani ya maabara ya kemia), bei aliyolipa mwenyewe, na kilomita alizokimbia kabla soli haijaachia. Safu ya kilomita bado ina mapengo mengi kwa sababu hakuna aliyekuwa akihesabu. Viatu vyangu viko mstari wa kwanza, na sasa binti ya shangazi yangu anavivaa, vinamtosha sawasawa. Wewe mwenye raba, hata zilizotoboka, zilete Alhamisi baada ya vipindi. Utavua viatu mlangoni, na tafadhali, soksi ziwe zimefuliwa.