Lokesheni ya Nyumba Si ya Kila Grupu

Kusi ikivuma, Juni mpaka Agosti, Ashkhara inajaa wageni. Wanatoka Ibra, Nizwa na Maskati, wengine wanavuka mpaka kutoka Imarati, wote wanakimbia joto. Na kila mmoja anauliza lile lile: "Nitumie lokesheni."

Si vibaya. Pini ya ramani ndiyo inayomfikisha mgeni, na ndiyo inayomfikisha mleta chakula. Lakini mgeni akishafika, ile pini inabaki pale pale kwenye grupu la watu sitini, na nusu yao hatuwajui. Mwenye nia mbaya anasoma yote: nyumba ya Maskati ipo tupu, wenyewe wapo Ashkhara, na nyumba wanayolala ni hii.

Tena kuna programu zinazoomba kujua ulipo, na watoto wetu wanabonyeza "ruhusu" bila kusoma. Mtu atasema, jina langu halimo. Jina halihitajiki. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchunguzi wa nyendo za simu za watu milioni 1.5, majina yameshaondolewa. Walikuta nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtenga mtu na wenzake wote, kwa asilimia 95 ya watu hao. Na ni rahisi kufahamu kwa nini: simu inapolala usiku ni kwako, inaposhinda mchana ni kazini kwako. Januari 2018 ramani ya Strava, programu ya wanaokimbia na kuendesha baskeli, iligundulika kuwa inaonyesha kambi za jeshi, kwa sababu askari walifanya mazoezi huku inawarekodi.

Oman tuna sheria, Amri ya Kifalme namba 6 ya 2022, iliyoanza kazi Februari 2023. Kampuni inatakiwa ipate ridhaa yako, na una haki ya kuiondoa. Kwa mtoto, ridhaa ni ya mlezi. Lakini sheria hiyo haiingii kwenye mambo ya binafsi na ya familia. Grupu la ukoo, basi, tulilinde wenyewe.

Tuanze na haya. Mgeni ni mmoja? Mtumie yeye, grupu liache. Kwenye WhatsApp, lokesheni inayokufuata ina dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua muda mfupi, na ukifika izime. Ingia kwenye setingi za simu, pitia programu moja moja. Ya ramani na ya teksi zipe ruhusa wakati wa kuzitumia tu. Ya hali ya hewa inatosha kujua mji, kwa hiyo izimie mahali kamili. Picha za ufukweni zitume mkisharudi nyumbani.

Na vijana wetu, wazazi wenzangu, tusiwafuate kwenye ramani kwa siri. Waambieni kwa nini mnataka kujua walipo, mkubaliane na mpaka lini. Mvuvi wa hapa humwonyesha mwanawe penye nguru, lakini kwanza humfundisha nani asiambiwe.