Gunia la makaa na fedha za gereza: sayansi ya uhalifu ikisomewa Yangambi

Kutoka Yangambi hadi Kisangani ni kama kilomita 100 za kupanda Mto Kongo. Mitumbwi na maboti ya mbao hupanda yamesheheni magunia ya makaa, mikungu ya ndizi, nyama ya porini iliyokaushwa kwa moshi na mbao zilizopasuliwa kwa msumeno wa mashine. Ukizisoma sheria za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo neno kwa neno, sehemu kubwa ya shehena hiyo ni ushahidi wa kosa. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inadai kibali kwa anayekata mti ili auze, na ile ya uwindaji ya 1982 inadai kibali kwa anayewinda. Wenye vibali ni wachache. Hata hivyo hakuna abiria anayejiona kakaa pamoja na wahalifu. Boti likishafika Kisangani, kijana akipora simu sokoni, abiria wale wale wataitika ukelele wa "mwizi!" na baadhi yao wataokota mawe.

Mwanafunzi wa kriminolojia, sayansi ya uhalifu, huanza kusumbuliwa na jambo kama hilo mapema. Wengi huingia darasani, pale Shule ya Kriminolojia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi kwa mfano, wakitarajia kufundishwa namna ya kumtambua mtu mbaya. Badala yake wanaambiwa waiangalie kwanza sheria yenyewe: nani aliiandika, lini, na inamkamata nani.

Yangambi ni mahali pazuri pa kuanzia zoezi hilo. Mwaka 1933 serikali ya Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, na Yangambi ikawa makao yake makuu. Kazi iliyofanyika hapo haikuwa ndogo: mwaka 1941 watafiti wake walieleza jinsi unene wa kifuu cha chikichi unavyorithiwa, na michikichi ya mafuta mengi inayopandwa leo kuanzia Malaysia hadi Kigoma ina deni kwa ugunduzi huo. Baada ya uhuru taasisi ikageuka INERA, na baadaye msitu wa jirani, zaidi ya hekta 200,000, ukatambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya bayongahewa. Kwa Waturumbu waliokuwa wakilima na kuwinda humo kabla ya Mbelgiji wa kwanza kutia mguu, mipaka hiyo iliwakuta tayari wapo. Babu alifyeka shamba, mjukuu anafyeka pale pale. Mkono haukubadilika, kilichobadilika ni ramani. Uhalifu wa msitu, kwa maana ya kisheria, ulizaliwa siku ramani ilipochorwa.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi kwamba msitu haudhuriki. Unadhurika sana, na afromosia, ule mti wa mbao za thamani unaosakwa katika mkoa huu wa Tshopo, umewekwa tangu 1992 kwenye orodha ya mkataba wa CITES kwa sababu biashara iliutishia. Kriminolojia inachofanya ni kutenganisha maswali mawili ambayo mtaani huchanganywa: nini kina madhara, na nini kinaadhibiwa. Mchoma makaa mwenye magunia mawili anaonekana kwa urahisi: moshi wake unapanda, gunia lake limo botini, hana wa kumpigia simu. Mfanyabiashara anayesafirisha mbao kwa malori hadi Uganda na Kenya hukutana na askari wale wale kwenye vizuizi, lakini yeye ana makaratasi, au ana pesa ya kuziba pengo la makaratasi. Takwimu za waliokamatwa, basi, zinaonyesha zaidi nani ni rahisi kukamatwa kuliko zinavyoonyesha nani ameuumiza msitu.

Hapo ndipo dhana ya kwanza inapovunjika, ya kwamba rejesta ya polisi ni picha ya uhalifu. Katika miaka ya 1990 Kampala na Dar es Salaam zilikuwa miongoni mwa majiji yaliyohojiwa katika utafiti wa kimataifa wa wahanga wa uhalifu. Watafiti hawakwenda kituoni. Waligonga milango ya nyumba na kuuliza: je, umeibiwa? Ulipigwa? Ulikwenda kushtaki? Kila ulipofanywa utafiti wa aina hiyo, sehemu kubwa ya makosa haikuwa imefika polisi. Kijijini hali ni hiyo hiyo: mbuzi akiibiwa, kesi huishia kwa chifu au kwa mchungaji, na mke aliyepigwa mara nyingi hafiki popote.

Dhana ya pili ni ngumu kuiua: kwamba mhalifu huzaliwa. "Ana damu mbaya," tunasema, "hata baba yake alikuwa hivyo." Ilipata vazi la kisayansi mwaka 1876, daktari wa Italia Cesare Lombroso alipochapisha kitabu akidai mhalifu anatambulika kwa fuvu, taya na masikio. Daktari wa magereza wa Uingereza, Charles Goring, aliwapima wafungwa kama 3,000, akawalinganisha na watu wengine, na mwaka 1913 akatangaza kwamba sura hiyo ya mhalifu hakuikuta. Zaidi ya karne imepita, na bado kijana wa Kisangani mwenye nywele za kusokota na kovu shavuni husimamishwa na askari kabla hajafanya lolote.

Kilichodumu ni ugunduzi wa mtu mwingine, Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji. Mwaka 1831, akitumia hesabu za mahakama za Ufaransa, aliona kwamba uhalifu una umri wake: hupanda ujanani, hufika kilele, kisha hushuka kadiri watu wanavyokua. Wamarekani Robert Sampson na John Laub walifuatilia maisha ya wavulana 500 waliokuwa wamefungwa shule za adabu huko Massachusetts, hadi walipofika miaka 70. Karibu wote waliacha, wengine mapema, wengine wamechelewa. Walichokitaja walipohojiwa kilikuwa ajira ya kudumu, ndoa, jeshi, kuhama mtaa. Na hakuna aliyeweza kutabiri utotoni, kwa kuangalia tabia na familia, nani ataacha lini.

Weka hilo kando ya yaliyotokea Kongo. Mwishoni mwa 2013 polisi wa Kinshasa walianzisha Operesheni Likofi dhidi ya kuluna, vijana wa magenge ya mapanga. Human Rights Watch ilirekodi vijana na watoto wasiopungua 51 waliouawa na 33 waliotoweka. Machi 2024 serikali iliondoa zuio la kunyonga lililokuwapo tangu 2003, na ujambazi wa mijini unaosababisha vifo ukatajwa miongoni mwa makosa yanayohusika. Kisha Waziri wa Sheria Constant Mutamba akatangaza kwamba kuluna waliohukumiwa wangeuawa. Kufikia Januari 2025 zaidi ya wanaume 170, wa umri wa miaka 18 hadi 35, walikuwa wamesafirishwa hadi gereza la Angenga, katika mkoa wa Mongala.

Umri huo, 18 hadi 35, ndio mgongo wa mchoro wa Quetelet. Ni miaka ambayo kosa hufikia kilele na ambayo wengi huanza kuliacha. Na kama ukali ungetosha, Likofi ingekuwa imemaliza kazi miaka kumi kabla. Cesare Beccaria aliandika mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kukamatwa zaidi ya ukubwa wa adhabu, na tafiti za sasa kwa jumla zinamuunga mkono. Kuhusu kunyonga hasa, jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani lilipitia mwaka 2012 tafiti za miongo mitatu, likahitimisha kwamba hazisemi lolote la kutegemewa kama adhabu hiyo inapunguza mauaji au la. Kijana wa kuluna anayejua kwamba polisi hawana petroli na shahidi ataogopa kusema, hafanyi hesabu ya kamba ya kunyongea.

Umaskini nao, si ndio unaozaa uhalifu? Hii ndiyo dhana ninayopenda kuivunja, kwa sababu ni ya watu wema. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Marshall Clinard na Daniel Abbott walilinganisha mitaa miwili ya hali ya chini Kampala. Wakazi wa pande zote mbili walikuwa maskini, lakini wizi ulikuwa mwingi upande mmoja kuliko mwingine. Kwenye mtaa uliotulia watu walitembeleana zaidi, walikuwa kwenye vyama vya pamoja, na familia zilikaa muda mrefu. Umaskini ulikuwa ule ule. Majirani ndio waliotofautiana. Mtu wa Yangambi, ambako takriban kila kaya inahangaika lakini mlango hufungwa kwa kamba, hatashangaa.

Mahali panaweza kuwa na uzito kuliko mtu. Watafiti waliochambua simu za polisi za Minneapolis, Marekani, walikuta mwaka 1989 kwamba nusu ya simu zote zilitoka kwenye asilimia 3 tu ya anwani. New York ilipoweka taa kubwa mwaka 2016 katika makazi ya serikali yaliyochaguliwa kwa kura, makosa makubwa ya nje nyakati za usiku yalipungua kwa takriban asilimia 36. Kisangani, ambako umeme wa bwawa la Tshopo hukatika mara kwa mara, wakazi hujua kona zao mbaya bila kompyuta. Yangambi kwenyewe, mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuendeshwa na shirika la utafiti wa misitu, CIFOR, umepanda miti inayokua haraka kwa ajili ya kuni na makaa. Waliouanzisha waliwaza misitu, lakini mwanakriminolojia anaona humo njia ya kuondoa nafasi ya kosa bila kumfunga yeyote.

Kuna wanaotaka twende mbali zaidi, tuuone ukatili kama maradhi. Gary Slutkin, daktari wa Chicago, alifanya kazi ya kifua kikuu na kipindupindu katika kambi za wakimbizi Somalia, kisha akapambana na UKIMWI Uganda. Aliporudi kwao aliona kwamba ramani ya risasi inafanana na ramani ya kipindupindu: tukio moja huzaa jingine karibu yake. Akatuma watu wa mtaani wenye kuheshimika kwenda kuzima visasi kabla havijalipuka. Matokeo yamekuwa mazuri mahali pengine, hafifu kwingine. Tshopo imeona maambukizi ya namna hiyo tangu Februari 2023, ugomvi wa Wambole na Walengola ulipoanzia Lubunga, ng'ambo ya mto, ukaruka kijiji hadi kijiji, kisasi kwa kisasi, na kuwamwaga wakimbizi ndani ya Kisangani. Lakini hapa mfano wa daktari unanitia shaka. Kisasi kilisambaa kama homa, sawa. Chanzo kilikuwa ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya kilimo na swali la nani alikuwa na haki ya kuitoa. Hilo halitibiki kwa mpatanishi wa mtaani peke yake.

Hapo tunamkuta mwanasosholojia Edwin Sutherland. Mwaka 1939, akiwahutubia wanasosholojia wa Marekani, alisema kwamba nadharia zote za uhalifu zilikuwa na kasoro moja: zilijengwa kwa kuwachunguza maskini waliokamatwa, zikawasahau wenye tai na ofisi. Alichunguza makampuni makubwa 70 na kuyakuta yamehukumiwa tena na tena.

Kisangani ina kesi yake ya kitabu. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya jiji na kuua raia kwa mamia. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo fidia ya dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini humo, na mfuko ulikuwapo kwa ajili ya wahanga. Kutoka kwenye mfuko huo zilitoka dola kama milioni 19 za kujengea gereza jipya Kisangani, zikaingizwa kwenye akaunti ya kampuni ya ujenzi. Septemba 2, 2025, Mahakama ya Kasasheni ilimhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu, kwa ubadhirifu wa fedha hizo, Constant Mutamba, waziri yule yule wa Angenga. Yeye alikana, akidai ni njama za kisiasa.

Fedha hizo zingeweza kufanya nini kingine? Monrovia, Liberia, watafiti Christopher Blattman, Julian Jamison na Margaret Sheridan walifanya jaribio na wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, dawa za kulevya na ugomvi. Kwa kura, wengine walipata wiki nane za mazungumzo ya kujifunza kuzuia hasira na kujiona upya, yakiongozwa na watu waliowahi kuishi maisha hayo hayo. Wengine walipata dola 200 taslimu, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Pesa peke yake haikudumu, na mazungumzo peke yake yalififia. Kwa waliopata vyote viwili, miaka kumi baadaye, wizi na vurugu vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu, hasa kwa wale waliokuwa wabaya zaidi mwanzoni.

Gharama ilikuwa kama dola 530 kwa mtu. Gawanya milioni 19 kwa 530: ni watu zaidi ya 35,000. Hesabu hiyo ni ya kwangu na ina matundu. Bei ni za miaka kumi na tano iliyopita, Kisangani si Monrovia, na wakufunzi waliowahi kushika panga wakaliweka chini hawapatikani kwa zabuni. Wangepaswa kutafutwa mmoja mmoja, katika mitaa ya Lubunga, Makiso, Mangobo, na huenda baadhi yao wako Angenga.