Mtoto wa Kongo Juu ya Barafu

Sisi tukaao Uvira twaijua barafu kwa kazi moja au mbili tu: hupoza vinywaji, na hulinda samaki wasioze kabla ya kufika sokoni. Ikikaa juani kitambo kidogo, imekwisha kuwa maji. Wavuvi wa Kalundu, watokao jioni na taa zao kutafuta ndagala, wangemcheka mtu ambaye angewaambia kwamba iko nchi ambako ziwa hugeuka sakafu, na watoto wakakimbia juu yake.

Walakini wanafunzi kadhaa wametuuliza kama ni kweli kwamba yuko Mkongo alipwaye mshahara kwa kucheza juu ya barafu. Ndiyo, ni kweli. Jina lake ni Bokondji Imama, na wenzake humwita Boko. Alizaliwa Montreal, katika Kanada, tarehe 3 Agosti 1996, na wazazi wake walitoka Kongo. Wakongo wengi wamehamia mji ule kwa kuwa husemwa Kifaransa huko, na katika majira ya baridi vijana wake hucheza mpira wa magongo barafuni kama vijana wetu wachezavyo mpira wa miguu ufukoni Kavimvira. Mchezo wa kwanza wa namna hiyo kuchezwa ndani ya jengo, mbele ya watazamaji, ulifanyika Montreal tarehe 3 Machi 1875.

Yafaa tueleze kidogo. Uwanja una urefu wa mita 61 hivi. Kila upande una watu sita, mlinda mlango akiwa mmojawapo. Miguuni huvaa viatu vyenye bamba la chuma chini, lenye makali. Hawapigi mpira wa duara, bali kisahani cha mpira mgumu, kizito gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kwanza kisije kikarukaruka. Mbio zao ni kali mno hata mchezaji hawezi kudumu uwanjani zaidi ya dakika moja hivi. Hutoka akihema, mwingine akaingia, mchezo ukiendelea.

Tena sheria humruhusu mtu kumgonga mwenye kisahani kwa bega. Na mara nyingine wawili hutupa glavu zao chini wakapigana ngumi. Waamuzi hungoja hata mmoja aanguke, kisha huwapeleka wote wawili kukaa kando dakika tano. Twakiri kwamba jambo hili halikutupendeza tulipoliona mara ya kwanza, wala halitupendezi leo. Lakini wenyewe hulieleza hivi: timu ina mchezaji mdogo, mwepesi, mwenye akili ya kufunga, adui akimwumiza, lazima awepo mkubwa mmoja wa kwenda kuuliza habari. Imama ndiye mkubwa huyo. Mwili wake ni ngao ya wenzake, na kwa kazi hiyo hulipwa.

Hata hivyo msidhani kwamba alikuwa na ngumi tu. Alipokuwa kijana katika timu ya Saint John, mjini kwenye pwani ya mashariki ya Kanada, alifunga magoli 41 katika msimu wa 2016 na 2017, na timu yake ikatwaa kombe la ligi ya vijana ya Quebec.

Sasa tazameni njia yake. Mwaka 2015 timu kubwa za Marekani na Kanada zilipochagua vijana, jina lake lilitajwa la 180, na timu ya Tampa Bay. Mwaka 2017 Tampa Bay wakampeleka Los Angeles. Huko nako hakuitwa katika timu ya kwanza. Alichezea timu ya chini yake. Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Mzazi asomaye habari hizi na afikiri: mwanawe ana miaka ishirini na kitu, ana kazi, lakini si ile aliyoitafuta, na kila mwaka wanakuja vijana wapya wenye mbio kumshinda.

Katika ngojea hiyo alitukanwa kwa sababu ya rangi yake. Januari 2020 mchezaji wa upande mwingine alimtupia neno la kudharau watu weusi. Akafungiwa michezo 5. Januari 2022 mwingine alimfanyia ishara ya nyani. Huyo akafungiwa michezo 30. Tutaziacha hesabu hizo mbili zijisemee zenyewe. Imama hakunyamaza, bali alisema hadharani jinsi alivyoumizwa. Kupigwa ngumi ni sehemu ya kazi aliyoikubali. Kuitwa mnyama si sehemu ya kazi yo yote.

Mwenye kumfungulia mlango alikuwa Willie O'Ree, mzaliwa wa Fredericton, mji ulio juu ya mto uleule ufikao baharini penye Saint John. Tarehe 18 Januari 1958, akiwa na timu ya Boston, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kubwa, na ilikuwa palepale Montreal. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha pofuka, kwa kuwa kisahani kilimpiga usoni alipokuwa kijana. Akaficha siri hiyo, maana wangalijua wasingalimwacha acheze.

Imama alipata zamu yake Aprili 2022, miezi mitatu tu baada ya tusi lile la pili. Timu ya Arizona ilimwita katika michezo ya mwisho ya msimu. Alikuwa na miaka 25, na karibu miaka saba ilikuwa imepita tangu jina lake litajwe la 180. Katika siku zile chache akafunga goli lake la kwanza katika ligi kubwa.

Mtu angedhani kwamba tangu hapo njia ilikuwa tambarare. Sivyo. Msimu wa 2023 na 2024 alikuwa wa Ottawa, uliofuata wa Pittsburgh, na kila mahali alianza tena katika timu ya chini, akifanya mazoezi asubuhi na kungoja simu ya kuitwa juu.