Msaada Ufike Mifugo Ingali Hai

Kaskazini mwa Kenya, njaa huanza kuonekana mnadani. Muulize mfugaji: mbuzi mmoja leo ananunua kilo ngapi za mahindi? Mvua zikiwa nzuri, mbuzi mnene huilisha nyumba kwa siku nyingi. Malisho yakikauka mbuzi anakonda, kila mtu anataka kuuza kwa wakati mmoja, bei inaporomoka, huku mahindi yanayoletwa kwa lori kutoka mbali yakizidi kupanda bei. Mwenye mbuzi hamsini huwa maskini hata kabla mmoja hajafa.

Bei hizo hazijifichi. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame (NDMA) huzifuatilia kila mwezi katika kaunti 23 kame, pamoja na hali ya malisho, umbali wa kufuata maji na vipimo vya mikono ya watoto, kisha hutangaza kama kaunti iko katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Kwa hiyo mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia vuli ya 2020, hakuna kiongozi aliyekuwa na haki ya kushtuka. Septemba 2021 ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa. Mwishoni mwa 2022 watu milioni 4.4 walihitaji chakula cha msaada, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa. Kwa mfugaji hayo ni maziwa ya watoto, karo, mahari na akiba ya uzeeni, vyote vimegeuka mizoga kando ya barabara.

Kwa jirani zetu Somalia, mwaka 2011, kuchelewa kwa msaada kulihesabiwa kwa makaburi. Maonyo yalitolewa tangu mwaka uliotangulia. Baa la njaa likatangazwa rasmi tarehe 20 Julai. Utafiti uliotolewa 2013 ulikadiria kuwa watu wapatao 258,000 walikufa, nusu yao wakiwa watoto wasiofikia miaka mitano. Wengi mno walikuwa wameshazikwa kabla ya tangazo.

Kuchelewa huonekana pia mkononi mwa mtoto. Mhudumu wa afya ya jamii hubeba utepe wa rangi tatu. Anauzungusha kwenye mkono wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Kijani, mtoto yuko salama. Njano, afuatiliwe. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: utapiamlo mkali. Hapo mama hupewa pakiti za lishe ya karanga na maziwa, gramu 92 kila moja, isiyohitaji maji wala moto; anachana pembe, mtoto ananyonya. Lishe hiyo imeokoa watoto wengi na isikosekane kamwe. Kinachoniuma ni kwamba mtoto huyo aliachwa mpaka akafika kwenye nyekundu.

Njia za kuwahi zipo. Mpango wa Hunger Safety Net umekuwa ukilipa familia maskini shilingi 5,400 kila miezi miwili, na setilaiti zikionyesha malisho yamepungua, familia zaidi huongezwa. Msalaba Mwekundu wa Kenya nao umenunua mifugo dhaifu, ukaichinja na kuwagawia nyama wanakijiji haohao: mfugaji anapata fedha, jirani anapata kitoweo, na malisho kidogo yaliyosalia yanawatosha wanyama wenye nguvu.

Ila mara nyingi fedha za kazi hii huanza kutafutwa kaunti ikishaingia dharura. Kaunti, serikali kuu na wafadhili wazitenge mapema, ziruhusiwe kutoka kwa neno moja tu, tahadhari, wiki hiyohiyo linapotangazwa.