SAUTI BILA WAYA: KWA NINI WATU WANNE?



Mwaka 1973 watu wengi wa vijijini walikaa kwa vikundi mbele ya redio. Walisikiliza vipindi vya "Mtu ni Afya", kisha wakajadiliana juu ya maji, vyoo na malaria. Sauti ilitoka Dar es Salaam ikafika kijijini bila waya.

Leo tuseme kijana wa Ngombezi anasoma uhandisi wa kompyuta. Masomo hayo yapo katika vyuo kama DIT, Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Dodoma. Anapiga simu nyumbani: "Shikamoo baba. Tunafanya mradi wa sauti bila waya. Tuko wanne." Baba anakata mkonge shambani ili alipe ada. Anashangaa. Watu wanne, miezi mingi, na spika za namna hiyo si zinauzwa pale Korogwe mjini?

Swali la baba ni zuri. Tulijibu.

Sauti inasafirije?

Unaposema, hewa inatikisika. Maiki inageuza mtikisiko huo kuwa umeme mdogo. Kompyuta inaupima umeme huo mara nyingi sana, mara 16,000 au zaidi kwa sekunde moja, na kila kipimo inakiandika kwa tarakimu. Kumbe kazi hii inafanana na kisomo chako! Neno lililokuwa likipotea hewani limegeuka alama.

Tarakimu hizo hufungwa katika vifurushi vidogo. Vifurushi vinabebwa na mawimbi ya redio mpaka kwenye spika. Huko vinafunguliwa, tarakimu zinarudi kuwa umeme, umeme unaitikisa spika, na sikio linasikia.

Basi kazi zenyewe ni nne. Mmoja anashika maiki. Wa pili anaandika programu ya kugeuza sauti kuwa tarakimu. Wa tatu anashughulikia mawimbi. Wa nne anashika spika na betri.

Silabi moja ikipotea

Hewani kuna msongamano. Chombo cha Bluetooth kinatumia mawimbi ambayo vyombo vingine vingi pia vinayatumia. Ndiyo maana Bluetooth ya kupeleka muziki hurukaruka kati ya njia 79, mara 1,600 kwa sekunde, ili kukwepa wengine. Hata hivyo baadhi ya vifurushi hupotea.

Je, kuna hasara gani? Fikiri mkutano wa kijiji. Bwana afya anasema: "Tusinywe maji ya kisima kile." Vifurushi kadhaa vinapotea mfululizo, na silabi "si" inakwenda navyo. Watu walio nyuma wanasikia: "Tunywe maji ya kisima kile." Silabi moja tu, na mtoto wa mtu anaugua.

Mfano wa korona

Kifurushi kikipotea, chombo kinaweza kukiomba tena. Lakini kukisubiri kunataka muda, kwa hiyo spika inawekewa akiba.

Sisi watu wa mkonge tunaielewa habari hii. Pale kwenye korona, mashine inayokwangua majani ili kutoa singa, majani yakikatika mashine inazunguka bure. Kwa hiyo inafaa yawepo majani ya akiba, ili trekta likichelewa kazi isisimame. Lakini rundo likiwa kubwa mno, jani lililoletwa asubuhi litasubiri muda mrefu kabla ya kufika kwenye mashine.

Sauti nayo ni hivyo hivyo. Akiba ikiwa ndogo, maneno yanakatika. Akiba ikiwa kubwa, maneno hayakatiki, ila yanachelewa. Umepata kumwona mtu akipasua kuni mbali? Shoka linashuka kwanza, mlio unafuata. Sauti yetu ikichelewa sehemu mbili za kumi za sekunde, ni kama unamsikiliza mtu aliye mita 68 kutoka kwako. Kwa muziki si neno. Lakini msemaji anayeisikia sauti yake ikimrudia kwa kuchelewa, ulimi unamkwama.

Nani mwenye kosa?

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Sauti inakatika. Wa maiki anasema, "Yangu nzima." Wa programu anasema, "Makosa ni ya mawimbi." Wa mawimbi anasema, "Betri imekwisha." Kila mmoja akitetea kipande chake, mradi unakufa.

Dawa yake ni kupima hatua kwa hatua, wote wakiwepo. Kwanza wanaunganisha maiki na spika kwa waya. Ikisikika vizuri, wanaongeza tarakimu. Halafu wanaondoa waya na kusogea mita moja, mita tano, mita kumi. Kila jibu linaandikwa katika daftari moja la wote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi baba ajue kwamba spika ya dukani nayo ilitengenezwa na watu waliopitia taabu hiyo. Kijana wake hasomi kuuza spika. Anasoma ili aijue inavyofanya kazi, aweze kuitengeneza ikiharibika, na aweze kubuni nyingine inayotufaa sisi.

Tufanye nini mkutanoni?

1. Chaji betri kabla ya mkutano.
2. Weka spika juu kuliko vichwa vya watu. Mwili wa mtu una maji mengi, na maji hupunguza nguvu za mawimbi hayo.
3. Simu inayopeleka sauti isiwekwe mfuko wa nyuma. Ishike mkononi au iweke mezani, ielekee spika.
4. Kwa tangazo la afya au fedha, lirudie mara mbili, kisha muulize mtu wa nyuma amesikia nini.
5. Usiunde mtambo wa kurushia matangazo ya redio bila leseni. Masafa ya redio yanasimamiwa na TCRA.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini akiba kubwa ya sauti ni nzuri kwa muziki lakini ni mbaya kwa msemaji?
2. Taja neno jingine ambalo likipoteza silabi moja maana yake inageuka.
3. Katika kazi zetu za pamoja, tunapimaje kosa bila kulaumiana?