Mbio za Kuizunguka Bagamoyo

Baadhi ya wazee wametuuliza: Je, yafaa vijana wa Kikristo kupiga mbio pwani ya Bagamoyo, mahali watumwa walipopita wamefungwa minyororo? Twajibu, yafaa, ila wajue wapitapo. Maana watumwa waliokombolewa walijengewa kijiji papo hapo Misheni, wakalima, wakaoa. Pwani hii si ya kilio tu.

Basi sisi huondoka alfajiri penye Misheni, ambayo mapadre wa Roho Mtakatifu waliianza mwaka 1868. Hapo upo mbuyu ambao shina lake limemeza mnyororo. Watoto hupenda kuugusa. Kisha twafika mnara wa kanisa la kale. Hapo hatukimbii. Mwezi wa Februari 1874 mwili wa Livingstone ulilazwa humo, umeletwa na Chuma na Susi na wenzao, waliouchukua kwa miguu zaidi ya maili 1,000. Mvulana mmoja alikuwa akinung'unika juu ya kisigino chake. Aliposikia habari hii alinyamaza.

Toka hapo mbio ni nyepesi: Msalaba wa pwani, mji mkongwe, Boma la Wadachi la mwaka 1897, hata Kaole, kilometa 5 hivi kusini ya mji, penye magofu ya msikiti na makaburi ya Waislamu wa zamani. Huko nako twaenda polepole, tena kimya, maana ni wafu wa watu.

Kurudi ni kwa ufuoni, maji yakiwa yametoka. Mwenye kupuuza maji kujaa atazuiwa na mikoko, naye atarudi kwa barabara, miguu tope tupu, akute chai imekwisha.